Kufundisha Joto kwa Mfano wa Alumini: Mkondo wa Mapigo na Ubora wa Mshono

Mada ya joto katika sayansi ya skuli za msingi aghalabu hufundishwa kwa sentensi tatu: kwamba joto hutoka palipo na moto mwingi kwenda palipo na moto mchache, kwamba metali hupitisha joto vizuri, na kwamba kitu kigumu kikipata joto la kutosha huyeyuka. Sentensi zote tatu ni za kweli. Hata hivyo, mwanafunzi anayezikariri hana analoweza kulifanya kwazo, kwa kuwa hazimpi jambo la kumsumbua akili. Atazisema vizuri siku ya mtihani na kuzisahau siku ya pili. Makala haya yanampendekezea mwalimu mwanafunzi swali moja linaloweza kuzikusanya sentensi hizo na kuzipa kazi.

Swali lenyewe ni hili. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Ikiwa alumini huyeyuka kwa joto dogo kiasi hicho, kwa nini fundi wa mjini Wete anayechomelea mageti na madirisha ya chuma kutwa nzima hutikisa kichwa akipelekewa sufuria ya alumini iliyopasuka? Na kwa nini fundi wa madirisha ya alumini, mwenye msumeno mzuri na vipimo vya sawasawa, huziunga pembe za fremu zake kwa skrubu na ribiti, wala hazichomelei?

Mpe mwanafunzi swali hilo kabla ya kumpa maelezo yoyote, kisha umwache abishane na wenzake. Wengi watasema kwamba kinachoyeyuka upesi ni chepesi kuchomelewa. Ni jawabu la akili, tena ndilo jawabu ambalo sentensi tatu za hapo juu zinamwelekeza alitoe. Nalo si sahihi. Hapo ndipo somo linapoanza.

Alumini mikononi mwa mtoto

Mtoto wa Wete haihitaji picha ya kitabuni ili aijue alumini. Nyumbani kuna masufuria na masinia. Dukani kuna ngazi na fremu za madirisha. Bandarini kuna mashine za boti, ambazo sehemu yake ya chini inayozama majini, na mara nyingi rafadha yenyewe, ni alumini ya kumimina. Na kila aliyewahi kuvuka baina ya Unguja na Dar es Salaam kwa boti za kasi za Azam Marine zenye jina la Kilimanjaro, amepanda chombo ambacho mwili wake ni mabati ya alumini yaliyochomelewa, kilichoundwa Hobart katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Inapendeza kuwaambia watoto wa kisiwani kwamba vyombo hivyo ni kazi ya mafundi wa kisiwa kingine.

Sababu ya kutumia alumini katika vyombo hivyo ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, na ya chuma ina karibu gramu 7.8. Chombo chepesi huenda kasi kwa mafuta machache. Lakini bati la chombo haliwezi kufungwa kwa skrubu kama fremu ya dirisha. Maji ya bahari hayana subira na tundu hata dogo. Kwa hiyo lazima lichomelewe, na mshono uwe mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Basi wako mafundi wanaoweza kufanya kazi ambayo fundi wa mtaani anaikataa, na mwanafunzi ana haki ya kuuliza wanaifanyaje.

Mwalimu akipenda anaweza kuongeza neno la historia. Ng'ambo ya hori la Wete, huko Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 iligunduliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha, za zama za karibu miaka elfu moja iliyopita. Alumini, kwa upande wake, ni mgeni. Ilikuwa metali ghali hadi mwaka 1886, pale Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, walipogundua njia ya kuitoa katika udongo wake kwa nguvu ya umeme. Ujuzi wa kuiunga ulichelewa zaidi.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Mwalimu asiyejua zaidi ya anachokifundisha huogopa maswali. Kwa hiyo sehemu hii ni ya mwalimu mwenyewe. Si lazima yote yafike ubaoni.

Jambo la kwanza, nalo ndilo kubwa, ni kwamba alumini hulitawanya joto kwa upesi mno. Huipitisha hari mara 3 zaidi ya chuma safi, na kwa chuma cha kawaida cha mageti ni mara 4 au zaidi. Fundi anapochomelea chuma, joto hukaa pale alipoliweka, kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kikatokea upesi, naye akakiongoza kwa raha. Kwenye alumini, joto hukimbia. Fundi hulitia hapa nalo limekwishafika kule. Ili apate kidimbwi hana budi kulitia kwa wingi na kwa haraka kuliko linavyokimbia. Sasa tazama kinachofuata: baada ya muda mfupi bati zima limekwishapata moto, joto halina tena pa kukimbilia, na kiasi kilekile cha umeme ambacho mwanzo kilikuwa hakitoshi, sasa kimezidi. Kidimbwi hupanuka ghafula na bati likatoboka. Mshono mmoja huwa baridi mno kichwani na moto mno mkiani, ilhali fundi hakugusa kitu chochote kwenye mashine.

Tena alumini haitoi onyo. Chuma huanza kuiva rangi nyekundu mapema, muda mrefu kabla hakijayeyuka, na fundi husoma joto kwa jicho. Alumini mchana kweupe haionyeshi rangi hata inapokaribia kuyeyuka. Inang'aa vilevile, kisha inaanguka.

Halafu kuna utando. Uso wa alumini hushikana na oksijeni ya hewani mara tu unapokwanguliwa, ukajifunika oksaidi nyembamba sana. Utando huu ndio unaoilinda alumini isiliwe na kutu kama chuma, na ndiyo sababu sufuria hudumu. Lakini oksaidi hiyo huyeyuka juu ya nyuzi 2,000. Metali ya ndani imekwisha kuwa maji kwenye 660, na ngozi yake bado ngumu. Mfano wake ni maziwa yaliyochemka yakafunga utando juu: ukiyasogeza mabakuli mawili yakagusana, maziwa hayachanganyiki maadamu kila moja limebaki na utando wake. Ndiyo maana fundi wa alumini husugua mahali pa kuungia kwa brashi ya waya usioshika kutu, iliyotengwa kwa alumini peke yake, na huendesha umeme kwa namna ambayo tao lenyewe, yaani ule ulimi wa mwanga mkali, huuvunja utando huo. Kidimbwi nacho hufunikwa kwa gesi ya argoni ili hewa isikiguse.

La nne ni vitundu. Alumini iliyoyeyuka inaweza kubeba gesi ya hidrojeni karibu mara 20 ya ile inayoweza kubebwa na alumini iliyoganda. Hidrojeni hutoka katika unyevu, mafuta na uchafu, na katika kisiwa chetu chenye mvua za masika na hewa ya bahari unyevu si kitu cha kutafutwa. Kidimbwi kinapoganda, gesi hutafuta njia ya kutoka. Isipoipata kwa wakati hubaki ndani kama vitundu vidogo, na mshono unaoonekana mzuri kwa juu huwa dhaifu ndani. Watoto wote wameona jambo linalofanana na hili. Mtoto akitazama barafu iliyogandishwa kikoponi, ataona pembeni ni angavu kama kioo na katikati ni nyeupe. Ule weupe ni vipovu vya hewa ambayo maji yaliweza kuibeba na barafu haikuweza.

Pamoja na hayo, alumini hunywea inapoganda, kwa karibu sehemu 6 katika 100 za ujazo wake, na huweza kupasuka mahali fundi alipokatiza ghafula. Na baadhi ya aloi zilizoimarishwa kiwandani kwa joto hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kandokando ya mshono. Kadiri joto linavyoenea zaidi, ndivyo ukanda huo dhaifu unavyokuwa mpana.

Mkondo wa mapigo

Kutokana na hayo, fundi wa alumini anataka mambo mawili yanayopingana. Anataka moto mkali, ili kidimbwi kitokee na waya wa kujazia udondoke vizuri. Na anataka joto dogo kwa jumla, ili bati lisitoboke. Mkondo wa mapigo ni njia ya kuyapata yote mawili, kwa kuyatenganisha katika wakati.

Mpishi wa halua anaifahamu kanuni hii bila kuiita jina. Moto wake huuchochea na kuupunguza. Huni huingizwa na kuvutwa, lakini jiko haliachwi likazimika, kwani kuwasha upya ni hasara. Mashine ya mapigo hufanya hivyo mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mkondo hupanda hadi kilele kwa muda mfupi sana, kisha hushuka hadi mkondo wa chini, ambao kazi yake ni kulihifadhi tao lisizimike, kisha hupanda tena. Hivyo basi kuna vipimo vinne vya kupanga: ukubwa wa kilele, muda wa kilele, ukubwa wa mkondo wa chini, na idadi ya mapigo kwa sekunde.

Namna ya kuchomelea alumini kwa waya unaojilisha wenyewe chini ya gesi ilianza Marekani mwaka 1948, na mbinu ya mapigo ilistawishwa Uingereza katika miaka ya 1960. Tatizo lililowasukuma wavumbuzi lilikuwa tone. Waya wa alumini wa milimita 1.2 ukiendeshwa kwa mkondo usiobadilika chini ya ampia 130 hivi, ncha yake huvimba tone kubwa, likaning'inia, likaanguka ovyo na kurusha cheche. Juu ya kiwango hicho matone huwa madogo na huenda moja kwa moja kidimbwini, lakini joto lake huzidi uwezo wa bati jembamba. Kwa mapigo, kilele hupita kiwango hicho kwa muda wa kutosha kung'oa tone moja tu, na wastani wa mkondo hubaki chini yake.

Chukua mfano huu, ambao unafaa pia kwa somo la hesabu. Kilele ni ampia 250 kwa milisekunde 2. Mkondo wa chini ni ampia 50 kwa milisekunde 8. Wastani ni ngapi? Mwanafunzi aliye na haraka atajumlisha 250 na 50, atagawanya kwa 2, na kujibu 150. Mwulize: ukinunua mafungu 2 ya muhogo kwa shilingi 2,500 kila moja, na mafungu 8 kwa shilingi 500 kila moja, je, kila fungu limekugharimu shilingi 1,500 kwa wastani? Atahesabu na kuona kwamba ametoa shilingi 9,000 kwa mafungu 10, yaani 900 kwa fungu. Kwa njia hiyohiyo, 250 mara 2 ni 500. 50 mara 8 ni 400. Jumla 900, ukigawanya kwa milisekunde 10 unapata ampia 90. Fundi amepata kilele cha 250 na joto la 90.

Mzunguko mmoja ukiwa wa milisekunde 10, mashine hupiga mapigo 100 kwa sekunde. Waya ukienda milimita 90 kwa sekunde, kila pigo huyeyusha milimita 0.9 za waya, na hilo ni tone lenye upana wa karibu sawa na waya wenyewe. Wanafunzi wa madarasa ya juu hufurahi kugundua kwamba namba hizi zinaafikiana, na sioni sababu ya kuwanyima furaha hiyo.

Sasa badilisha vipimo, kimoja kimoja. Refusha kilele hadi milisekunde 3 na upunguze muda wa chini hadi 7: wastani hupanda hadi ampia 110. Pigo huweza kung'oa zaidi ya tone moja, cheche huongezeka, na bati jembamba hukaribia kutoboka. Rudisha kilele kwenye milisekunde 2 na urefushe muda wa chini hadi 18: mapigo yanashuka hadi 50 kwa sekunde na wastani hadi ampia 70. Bati linapoa, lakini ikiwa waya unaendelea kuja kwa mwendo uleule, matone hayatoshi kuumaliza. Ncha hurefuka hadi ikaligusa bati. Ukiushusha mkondo wa chini kupita kiasi, tao huzimika baina ya mapigo. Ukikipunguza kilele mno, tone halitoki, na metali hulala juu ya bati bila kushikana nalo. Kasoro hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote kwa maoni yangu, kwa sababu tundu huonekana na kila mtu, bali mshono usioshikana hujificha chini ya sura nzuri.

Yako pia mapigo ya polepole, moja au mawili kwa sekunde, yanayotumiwa hasa na fundi anayelisha waya kwa mkono. Kila pigo hufanya kidimbwi, kila pumziko hukigandisha kiasi, na mshono hutoka wenye mistari iliyopangana kama magamba ya samaki. Kutikisika huko kwa kidimbwi husaidia vipovu kupanda na kutoka, na chembe za metali iliyoganda huwa ndogo zaidi. Lakini mwalimu asiuache mfano huu uwafanye watoto waamini kwamba mashine inatibu kila kitu. Bati lenye mafuta au unyevu litatoa vitundu kwa kipimo chochote utakachopanga.

Kuna mkanganyo mmoja wa kuuzuia mapema. Umeme wa nyumbani, ambao tangu mwaka 2010 unaifikia Pemba kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, ni wa hezi 50. Nao hubadili mwelekeo wake mara 100 kwa sekunde. Mapigo tuliyoyaeleza si hayo. Katika mfano wetu mkondo haugeuki. Huzidi na kupungua tu ukielekea upande mmoja.

Darasani

Hakuna haja ya mashine. Mwalimu anayesubiri mashine hatalifundisha somo hili maisha yake yote. Vipindi viwili vinatosha, na vifaa ni vya kuokoteza.

Katika kipindi cha kwanza, tafuta kipande cha waya wa alumini na kingine cha chuma, vya unene mmoja na urefu wa shubiri moja. Waya wa alumini hupatikana kwa wauza vyuma chakavu. Wanafunzi wakatazwe kwa maneno makali kukaribia nguzo au nyaya za umeme kwa ajili ya kuutafuta. Bandika vijisimbi vidogo vitano kwa nta ya mshumaa, kwa nafasi sawa, kwenye kila waya. Kabla ya kuwasha, kila kikundi kiandike ubashiri wake: vijisimbi vya waya upi vitaanza kuanguka, na kwa nini. Kisha ncha zote mbili ziingizwe pamoja katika mwali wa kibatari. Vya alumini vitadondoka mfululizo, ilhali kwenye chuma cha pili bado kimeshika. Usiseme neno. Waulize: "Joto la kibatari ni moja, kwa nini huku limefika mbali na kule halijafika?" Na baada ya kujibiwa: "Basi mkitaka kuyeyusha mahali pamoja tu pa waya huu wa alumini, mtapata taabu gani?" Maelezo yatakayotoka vinywani mwao yatakuwa na kasoro za lugha, lakini yatakuwa yao. Yaandike ubaoni kama walivyoyasema, kisha yasahihishwe kwa pamoja.

Kipindi cha pili ni cha maji, na ndicho kitamu zaidi. Chukua mkebe mrefu, bora uwe wa plastiki angavu, utoboe tundu chini, uutundike juu ya beseni. Chora mistari miwili ubavuni: wa chini uitwe "kuyeyuka", wa juu "kutoboka". Maji yanayomiminwa ni umeme, kimo cha maji ni joto la mahali panapochomelewa, na tundu ni joto linalokimbilia kwenye bati. Kikundi cha kwanza kimimine uzi mwembamba wa maji bila kukoma: kimo hakiufikii mstari wa kwanza. Cha pili kimimine kwa nguvu bila kukoma: kimo huvuka yote miwili. Cha tatu kihesabu moja hadi kumi. Kwenye moja na mbili kimimine kwa nguvu, na kwenye tatu hadi kumi kiache uzi mwembamba tu. Kimo kitapanda, kitaugusa mstari wa kuyeyuka, kitashuka, kitapanda tena. Darasa litaelewa bila kuambiwa.

Kisha fanya jambo moja ambalo wengi hulisahau. Wakati kikundi cha tatu kinaendelea, ziba nusu ya tundu kwa kidole. Hapo maji yatapanda hadi kuvuka mstari wa juu, ingawa wamiminaji hawakubadilisha kitu. Hiyo ndiyo hali ya bati lililokwisha kupata moto, na ndiyo sababu ya mshono kuanza baridi na kumalizika kwa tundu. Waulize wapunguze nini: maji ya kilele, muda wa kilele, au wahesabu hadi kumi na tano badala ya kumi? Kila jibu lijaribiwe kwa maji.

Jaribio hili halina budi kufanywa na mwalimu peke yake siku moja kabla, kwa maana ukubwa wa tundu ndio unaoamua kila kitu, na tundu la msumari mnene huharibu kipindi kizima. Na mwisho waulize wanafunzi mkebe huu hauwezi kuonyesha nini. Hauonyeshi matone ya waya, wala utando, wala vitundu. Mtoto anayejua mfano wake umeishia wapi amefahamu zaidi ya yule anayeusifu.

Somo hili, likifaulu, litawafanya watoto watake kwenda kuwatazama mafundi, na hapa mwalimu ana dhamana nzito. Tayari watoto wengi husimama njiani wakitoka skuli au chuoni, wakaukodolea macho mwanga wa kuchomelea kwa kuwa ni mzuri. Miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga huo huunguza uso wa jicho bila maumivu ya papo hapo. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, mtoto akalia kama aliyetiwa mchanga machoni, na mzazi asijue chanzo. Miwani ya jua haitoshi kabisa. Waeleze hayo kabla ya kuwaeleza kitu kingine chochote kuhusu kazi ya fundi, na uwape kanuni ya kufuata: mwanga ukiwaka, geuka, endelea na safari. Ukitaka kuwapeleka kutazama, panga mapema na fundi mwenye ngao za uso za kutosha, au zungumza na vituo vya mafunzo ya amali, kama cha Vitongoji au cha Daya Mtambwe, na watoto waoneshwe mishono iliyokwisha poa. Mshono baridi una mengi ya kufundisha: magamba yake, tundu lake, ufa wa mwisho wake.

Katika kupima, epuka swali la "Taja sifa za alumini". Uliza hivi: "Fundi alichomelea bati la alumini kwa kipimo kimoja. Mwanzo mshono haukushika. Mwisho bati lilitoboka. Eleza kwa nini, na umshauri." Atakayeandika kwamba bati lilikuwa limepata moto na joto halikuwa na pa kwenda, mpe alama zote hata kama hakutumia neno "upitishaji". Atakayeandika kwamba fundi alale mapumziko katikati ya mshono, mpe alama pia, na umwulize mbele ya wenzake pumziko hilo liwe la muda gani.

Barafu ya kikopo kwa ajili ya kueleza vitundu iwekwe tangu jana yake, kwenye jokofu la jirani au la duka la karibu, na ifike darasani ikiwa imefunikwa kwa kitambaa. Ikichelewa hadi kipindi cha mwisho kabla ya adhuhuri, itakuwa imekwisha kuwa maji.